Ng'ombe wa Malale na Somo la Darasa la Tatu

Uliangalia vidole vyako vya miguu. Usinibishie, nilikuwepo. Mwenyekiti wa kamati ya shule alipouliza kama kuna mzazi wa darasa la tatu mwenye neno, wewe uliinamisha kichwa ukaanza kukagua kandambili zako kana kwamba umezinunua asubuhi ile. Mwenzako akagundua ghafla kwamba mtoto wa mgongoni anahitaji kufungwa upya. Mwingine akatoka nje kupokea simu ambayo haikulia. Na wote nyie mlikuwa mnajua. Watoto wenu walishawasimulia somo lile jikoni, mnasonga ugali, tangu mwanzo mpaka mwisho wake. Mkanyamaza, na mwalimu akafunga godoro lake nyuma ya bodaboda akaondoka Sibwesa.

Sasa nalisimulia mimi, tena kwa maandishi, asije mtu akasema hakusikia. Shule niliacha darasa la tano, yaliyobaki nimeyaokota mwenyewe kwenye magazeti ya kufungia vitumbua na vitabu vya kuazima. Lakini kusahau sikujifunza.

Nianze na ukuta, maana bila ukuta hamtaelewa. Kati ya darasa la tatu na darasa la nne kuna ukuta wa tofali za kuchoma tulioujenga wenyewe, mwaka ule mgombea mmoja alipokuja kuahidi saruji na mabati. Kura tulipiga. Saruji ikaishia njiani. Ukuta ukafika usawa wa kichwa cha mtu mrefu, ukakoma hapo, na hapo upo mpaka leo. Juu yake ni hewa tupu mpaka kwenye kenchi za paa. Mwalimu akipiga chafya huku, watoto wa upande wa pili wanamwombea afya.

Upande wa darasa la nne alikuwa Mwalimu Method. Method ni mtoto wa hapa. Baba yake alishuka na ng'ombe kutoka Usukumani zamani, na Method alikulia nyuma ya mikia yao kabla ya kwenda chuo cha ualimu. Akapata cheti, akarudi nyumbani kusubiri ajira. Akasubiri mpaka suruali ya mahafali ikawa ya kulimia. Shule ilipokosa mwalimu wa darasa la tatu na la nne, ni yeye aliyeingia kujitolea kwa mahindi ya mchango wa wazazi, akabeba madarasa mawili peke yake, anaandika ubao huu anakimbilia ule. Semeni ukweli, mlimshukuru? Mlimpelekea mahindi yaliyotobolewa na dumuzi. Hilo nalikumbuka pia. Simwandiki Method hapa kama mtu mbaya. Angekuwa mtu mbaya ningelala usingizi.

Halafu akaja Romana. Yeye ni wa kule Mpimbwe, mtoto wa wakulima wa mpunga, naye cheti mkononi na ajira hewani, ana shangazi yake Ilembo, mjini Mpanda. Alikuja na begi, godoro na kikapu kikubwa cha ukindu. Mwalimu Mkuu, Respicius, akampa darasa la tatu, akamwachia Method la nne. Akadhani amempunguzia mzigo.

Wivu wa Method ulianza na baiskeli. Zamani alikuwa akitokeza tu pale kwenye kona ya kisima, watoto wanamkimbilia, huyu ashike usukani, yule kiti, wa tatu hana pa kushika basi anashika taa isiyowaka. Wanaisukuma mpaka chini ya dirisha la ofisi wakiwa wanagombana. Alipokuja Romana, mbio zilezile zikahamia kwenye kikapu. Wanakibeba wanne wanne na kuchungulia ndani.

"Leo kabeba nini?"

"Sufuria! Na chupa!"

"Acha uongo, ni mshumaa ule."

Method anapita na baiskeli yake, anasalimiwa vizuri, "shikamoo mwalimu," mikono nyuma, kama polisi. Aliniambia mwenyewe, nikimzibia pancha: "Unajua kaka, salamu ya heshima inauma. Wakikupenda wanasahau kukuamkia."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kisha likaja la mahindi. Baada ya mavuno mlikaa, mkasema mzigo wa kulisha walimu wawili wa kujitolea umewaelemea, mwaka ujao mtabeba mmoja. Kamati ichague. Kwa hiyo wakawa wawili wenye nafasi moja, na katikati yao ukuta usiofika juu. Mnaona nyie mnavyofanya? Mnachukua watu wawili wenye njaa moja mnawawekea sahani moja, halafu mnashangaa kwamba wameangaliana vibaya.

Sasa siku ya somo lenyewe. Ilikuwa Julai, asubuhi ya baridi ile inayofanya watoto waingize mikono ndani ya masweta. Mimi nilikuwa nje, chini ya dirisha la darasa la tatu, nagongea misumari madawati. Niliona na nilisikia. Upande wa pili Method alikuwa anafundisha kugawanya.

Romana aliwatoa watoto nje. Alikuwa amewasha jiko la mafiga matatu, kuni kavu, sufuria ya maji juu yake. Maji yakaanza kuchemka.

"Hicho kinachopanda ni nini?"

"Moshi!"

"Moshi wa nini? Moto uko chini, sufuria haina tundu."

Wakatazamana. Akachukua mfuniko wa baridi, akaushika juu ya mvuke, akahesabu na watoto pumzi chache, akaugeuza.

"Mwalimu, mfuniko unatoka jasho!"

"Jasho la nani? Mfuniko umelima?"

Wakacheka wakaanguka. Akampitishia kila mmoja aguse tone, alionje. Ni maji. Yametoka wapi? Yametoka chini, yalikuwa kimiminika, yakapanda yakawa gesi tusiyoishika, yakakutana na ubaridi yakarudi kuwa maji. Kisha akaitisha chupa ya samli aliyokuja nayo Nyamizi. Nyamizi ni binti wa Malale, yule mwenye ng'ombe wengi kando ya mto, mtoto mwenye mdomo ambao hata ukiuwekea kufuli utatafuta ufunguo. Samli ilikuwa imeganda kwa baridi, ukigeuza chupa haishuki.

"Hii ni nini?"

"Samli!"

"Iko katika hali gani?"

"Yabisi!"

Akaiweka kwenye karai la maji ya moto. Wakaizunguka kama wanasubiri kifaranga kuanguliwa. Pembeni ikaanza kuteleza, kisha kati ikazama, mwisho ikatembea chupani kama mafuta ya taa.

"Na sasa?"

"Kimiminika!"

"Nani ameongeza kitu humu ndani?"

"Hakunaaa!"

Vicheko vile, jamani, vilipitia madirishani vikaruka na ukuta. Nilimwona Method kwenye dirisha la darasa lake. Chaki mkononi. Nyuma yake watoto wa darasa la nne walikuwa wanacheka vichekesho vya darasa la tatu, shingo zimenyooka kuelekea dirishani. Alipandisha sauti. "Arobaini na nane gawanya kwa sita!" Hakuna aliyejibu. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, na kule nje wakacheka tena, si kumcheka yeye, lakini sikio la mtu mwenye wivu halitenganishi. Nilimwona akiibana ile chaki mpaka ikakatika.

Romana akataka waelewe kwa nini kitu kilekile kinakuwa na hali tofauti. Akawaambia: wengi wenu mna ng'ombe nyumbani, au mna jirani mwenye ng'ombe. Usiku wako wapi? Zizini. Wamebanana? Wamebanana, hata kujigeuza shida. Basi leo nyie ni ng'ombe, ingieni zizini. Akawabananisha katikati ya mistari aliyochora chini, bega kwa bega. "Hiyo ni yabisi. Mnatikisika tu, hamwendi popote." Asubuhi wanafunguliwa wanakwenda mtoni, wanafuatana njiani, njia ikipinda nao wanapinda. Wakatembea wakigusana kuzunguka mlingoti wa bendera. "Hicho ni kimiminika."

"Na mchungaji akilala?"

Hapo Nyamizi akaruka. "Mwalimu, wakiingia kwenye mahindi ya watu hiyo ni gesi kabisa! Baba anakimbia huku, wako kule! Hawakamatiki!"

Uwanja wote ukalipuka. Watoto wa wakulima walishika matumbo. Watoto wa wafugaji walishika matumbo. Wakatawanyika, huyu mpaka chooni, yule nyuma ya bustani, mmoja akakumbatia mti akilia "mooo." Nami nyundo ilinishinda.

Romana aliwaacha wamalize, akawaita. Sasa sikiliza hili vizuri, maana hili ndilo mlilozika. Aliuliza:

"Waliokuwa zizini, na waliokuwa njiani, na waliotawanyika, ni ng'ombe tofauti?"

"Hapanaaa."

"Kuna aliyegeuka fisi?"

"Hapanaaa!"

"Kuna ng'ombe mbaya hapo?"

"Hakuna!"

"Ni ng'ombe walewale. Kilichobadilika ni nafasi kati yao na wanavyotembea. Na maji ni hivyohivyo. Yakiwa barafu, yakiwa kisimani, yakiwa mvuke, ni maji yaleyale. Msije mkasahau hilo mkakumbuka vicheko tu."

Ndivyo alivyosema. Method alisikia, kwa sababu wakati huo alikuwa ameacha kugawanya na darasa lake zima limekaa kimya linasikiliza. Dirisha lilikuwa wazi. Macho yangu na yake yalikutana.

Kesho yake Method alijaribu. Mnisamehe, hili lilinitia huruma hata mimi. Aliazima sufuria kwa mke wa Mwalimu Mkuu, akawatoa darasa la nne nje, akawasha moto kwa kuni alizookota zina umande. Zikatoa moshi mweupe ukamfuata usoni kila alikohamia. Maji yaligoma kuchemka. Watoto wakakohoa kwa adabu. Mpaka mmoja, bila nia mbaya, akasema, "Mwalimu, Mwalimu Romana huwa anaanika kuni jana yake."

Method akamwaga maji. "Ingieni ndani. Andikeni."

Siku ile alikuja kwangu na baiskeli isiyo na ubovu wowote. Akakaa kwenye tairi bovu. "Mimi niliwabeba watoto hawa," akasema. "Nani alikuwa hapa mvua ikiingia darasani? Yeye alikuwa wapi? Kwao Mpimbwe anakula wali." Nikamwambia, Method, hata nyie wawili mngeweza kufundisha pamoja, ukuta wenyewe umeshakubali. Akanijibu, "Wewe huelewi. Ninaposema kitu darasani, wanaangalia juu ya ukuta kwanza waone kama kule kuna kizuri zaidi." Halafu akasema, taratibu kama anaongea na baiskeli: "Hata mimi naangalia."

Watoto nao wakageuza somo kuwa mchezo. Kila mapumziko ni zizi, njia, kutawanyika. Na mchezo haukubaki shuleni. Ng'ombe wa Malale wakipita barabarani kurudi nyumbani, watoto wa wakulima wakakaa kwenye kingo za mashamba na kuimba, "Kimiminika hicho, kimiminika!" Na ng'ombe mmoja akichepuka: "Gesi! Gesi hiyo, baba Nyamizi!" Walikuwa wanacheka, na wachungaji wadogo walikuwa wanacheka nao. Lakini Malale si mtoto. Malale ni mtu aliyefukuzwa pamoja na ng'ombe wake sehemu tatu kabla ya kufika kwetu, kila sehemu kwa jina jipya la kumtukana. Akisikia neno asilolijua likitupwa kwa ng'ombe wake, mgongo wake unakumbuka fimbo.

Tukakutana naye joshoni, siku ya kuogesha ng'ombe. Mimi nilikuwa natengeneza lango lililong'oka, Method alikuja na ng'ombe wachache wa baba yake. Malale akamsogelea, fimbo begani.

"Mwalimu."

"Naam, baba."

"Hii gesi ni kitu gani? Watoto wa wakulima wananiimbia. Nikimuuliza Nyamizi anacheka tu."

Mbele ya Method kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilihitaji maneno mengi kidogo, mfuniko, samli, zizi, ng'ombe walewale. Ya pili ilikuwa fupi.

"Ni somo la yule mwalimu wa Mpimbwe," akasema. "Amewafundisha kwamba ng'ombe zetu wakiwa mashambani ni gesi. Hawazuiliki, wanajaa kila mahali."

Malale akateremsha fimbo begani. Dawa ilikuwa inadondoka kutoka kwa ng'ombe waliotoka kuoga.

"Darasani? Amesema darasani?"

"Darasani, baba."

Nikaacha lango. Nikasema, "Method, malizia."

"Nimalizie nini?"

"Alivyomalizia yeye. Na useme nani alitamka hiyo gesi, maana si mwalimu."

"Mimi nina darasa langu," akanijibu, na kuwapigia ng'ombe wake mluzi. Malale alikuwa ameshageuka. Nikamfuata nikamweleza. Akaniangalia kwa upole kabisa, akasema, "Fundi, wewe ni mtu wa maneno. Kila mwaka una ugomvi na mtu. Huyu ni mwalimu, tena ni damu yetu. Kwa nini anidanganye?"

Hakumdanganya. Alimpa nusu ya somo na kubaki na nusu.

Wiki ile ile kamati ikaitisha kikao darasani. Mlikuja. Mlijaa mpaka dirishani, maana mlisikia kuna fitina, na fitina haijawahi kukosa watu Sibwesa. Mwenyekiti ni Mama Immaculata, mwanamke ninayemheshimu, mkulima wa mahindi ambaye ng'ombe walishamlia shamba zima msimu mmoja. Kwa hiyo alikuwa anaogopa kitu kimoja tu, kuonekana anamtetea mtoto wa wakulima wenzake dhidi ya mfugaji. Hofu hiyo ilimfanya awe mkali upande usiostahili.

Malale akasimama. Hakupiga kelele. "Mimi nimechangia mahindi kama nyie. Ninayanunua, maana silimi ya kutosha. Nimelisha walimu. Mtoto wangu anakwenda shule asubuhi na ndugu zake wanachunga. Leo nasikia shule niliyoilisha inawafundisha watoto kwamba mali yangu ni kitu cha kufukuzwa. Kama hamtutaki, semeni. Msipitishie kwa watoto."

Romana alisimama. Alikuwa na kitambaa cha kufutia ubao mkononi, alikisahau hapo. "Baba Nyamizi, si hivyo. Ule ulikuwa mfano tu. Nilisema ni ng'ombe walewale. Tuwaite watoto, wataeleza."

"Watoto hawatoi ushahidi kwenye kikao cha wakubwa," akasema Mama Immaculata.

"Basi Nyamizi peke yake."

"Unataka mtoto amjibu baba yake mbele za watu?" akauliza mtu mmoja, na mkaguna, nyie mnaojua sana adabu.

Romana akageuka. Ningependa kusahau alivyogeuka, siwezi. Alimwangalia Method kwa matumaini yote, kwa sababu yeye hakuwa na habari. Hakujua baiskeli, hakujua chaki, hakujua chochote. Alidhani ana mwenzake. "Mwalimu Method yuko ukuta mmoja na mimi. Darasa la tatu likinong'ona yeye anasikia. Kaka Method, waambie."

Mama Immaculata akamuuliza: "Mwalimu, ulisikia somo lile?"

Method alisimama. Alitazama juu ya ukuta, pale unapokoma.

"Nilikuwa nafundisha darasa langu," akasema. "Sikusikia."

Nikainuka. Nikasema amesikia, na mimi nimesikia, na nikaanza kulieleza somo kuanzia sufuria. Sikufika hata kwenye samli.

"Fundi, kaa chini. Una mtoto darasa la tatu?"

"Sina."

"Una mtoto shule hii?"

"Sina, lakini masikio ninayo."

Mkacheka. Kicheko kile mlinipa kwa moyo mmoja, wakulima na wafugaji, mkaungana vizuri sana. Mama Immaculata akasema kanuni ni kanuni, neno la darasa ni la wazazi wa darasa. Ndipo akauliza kama yupo mzazi wa darasa la tatu mwenye neno. Na ndipo kandambili zikawa na mambo ya kuangaliwa.

Ikaamuliwa Romana "apumzike" mpaka kikao kingine, na Method ashike madarasa yote mawili. Mwalimu Mkuu Respicius, ambaye ana uwezo wa kusema hapana, alisema, "Tuheshimu maoni ya jamii." Jamii ipi? Ilikuwa inachunguza kandambili.

Sasa Method anayo. Darasa la tatu ni lake, nafasi ya mwaka ujao inamsubiri yeye tu. Nilipita juzi. Ubaoni ameandika kwa mwandiko mzuri kabisa, maana mwandiko anao: *Yabisi ni maada yenye umbo maalumu.* Watoto wananakili. Nyamizi akanyoosha kidole.

"Mwalimu, na ng'ombe je?"

"Nakili ubaoni."

"Lakini Mwalimu Romana alisema ng'ombe ni walew..."

"Nakili, Nyamizi!"

Method alipotoka nje kwenye mapumziko, uwanjani walikuwa wamebanana zizini, bega kwa bega, mtoto mmoja anaigiza sauti ya Romana, "Kuna aliyegeuka fisi?" na wote wanajibu "Hapanaaa!" Method akawatawanya. Wakaenda wakaanza upya nyuma ya vyoo. Akaja kwangu, hakukaa.

"Nimeukataza ule mchezo," akasema.

"Wameacha?"

"Hata akiwa hayupo, yupo." Akashika usukani. "Unajua wananiuliza nini kila asubuhi? Lini anarudi. Mimi nimesimama mbele yao, kaka. Nimesimama pale pale!"

"Nenda kaseme ulichosikia."

"Halafu mimi niende wapi?" Akapanda baiskeli, akaondoka. Sijui kama nilipaswa kuwa na jibu. Nyie ndio mliotengeneza sahani moja, jibu mnalo nyie.

Na mimi nina wivu wangu, nautangaza, sitaki huruma ya mtu. Romana yuko Ilembo kwa shangazi yake, anasaidia kukaanga maandazi. Shule moja ya kulipia pale mjini imemsikia na imemwita. Wana vyumba vyenye dari. Wana friji jikoni, barafu wanaichukua kama sisi tunavyochukua mchanga. Wana jiko la gesi, wana projekta, wana kila kitu, na sasa wanataka na yule mmoja aliyewafundisha watoto wetu kwa sufuria ya kikapuni mwake na chupa ya samli. Mtoto wa kule atamwona kila siku. Mtoto wa Sibwesa atanakili. Naona kijicho mpaka meno yananiuma. Naonea kijicho kila sweta jipya linaloingia geti la shule ile. Tangu nilipoacha shule nakiona, kila kitu kizuri kinapita kwetu kikielekea mjini, na sisi tunakipungia mkono. Safari hii sipungi.

Wamempa mpaka Ijumaa awajibu. Amewaambia atasubiri kidogo. Nilimpigia simu mimi mwenyewe, nikamuuliza anasubiri nini. Akasema, "Labda wataniita." Alikuwa anamaanisha nyie.

Kamati inakaa Alhamisi. Mama Immaculata amenihakikishia, tena mbele ya Mwalimu Mkuu, kwamba mzazi yeyote wa darasa la tatu akisimama na kutoa neno atalisikiliza mpaka mwisho, na mtoto akisindikizwa na mzazi wake ataruhusiwa kueleza. Malale atakuwepo. Mzee yule si mgumu, hajasimuliwa tu lile somo zima na mtu mwenye haki ya kusimama. Mkifika pale, msidai Method atupwe nje. Dai lenu liwe walimu wawili, na mahindi ya walimu wawili, mahindi safi. Mnayo. Ghala nimezitengeneza mimi milango, najua kilichomo.

Kwa hiyo weka jembe chini. Usisubiri kesho, usisubiri mwenzako aanze. Mwite mtoto wako hapo alipo, mkalishe mbele yako, mwambie akueleze somo lote kuanzia sufuria, na usimkatize mpaka afike mwisho. Kisha vaa viatu, mshike mkono, mpitie Malale nyumbani kwake leo hii, mtoto amweleze yeye mwenyewe. Na Alhamisi uwe wa kwanza kusimama. Nenda. Mbona bado umekaa unasoma?